Vidonda vya Tumbo na Hoja ya Damu

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1957, matabibu wa Marekani, Mirsky na Weiner miongoni mwao, walipokwisha kupima damu ya vijana 2,073 walioitwa jeshini, wakitafuta pepsinojeni, ile asili ya kimeng'enya kisagacho nyama tumboni, waliwateua wenye kiwango kikubwa mno na kidogo mno. Na vidonda, kwa majuma ya mazoezi makali, vikadhihirika kwa wale wa kiwango kikubwa tu. Mwaka 1979 Rotter na wenziwe wakaeleza jamaa ambamo wingi huo huteremka kwa mwana hata kutoka kwa mzazi mmoja. Hoja hiyo ya kwamba vidonda hurithiwa kwa damu, kwa insafu, haikuwa batili bali pungufu, kwani bakteria waletao vidonda, waliotambuliwa na Warren na Marshall huko Perth, nao huipandisha pepsinojeni, na wakiangamizwa kwa dawa, pepsinojeni hiyo hushuka.