Gazeti la karatasi lenye tangazo lako: lipi, na linauzwa wapi

Mwananchi anayeelezwa kuwa tangazo la kiwanja chake, mirathi ya mzazi wake au wito wa Mahakama limetoka "kwenye gazeti la serikali" hana budi kuuliza kwanza: gazeti lipi? Kwa Tanzania Bara maneno hayo hutumika kwa machapisho mawili yasiyofanana, na wapo wanaopoteza siku nzima wakitafuta moja mahali linapouzwa jingine.

La kwanza ni gazeti la habari linalomilikiwa na Serikali. Kampuni ya Magazeti ya Serikali (TSN) huchapisha HabariLeo kwa Kiswahili na Daily News kwa Kiingereza, ambalo lilianza mwaka 1972 kwa kuunganishwa kwa magazeti ya The Standard na The Nationalist. Magazeti hayo huuzwa meza moja na magazeti binafsi kama Mwananchi na Nipashe.

La pili ni Gazeti la Serikali lenyewe, lililo chombo rasmi cha kutangazia sheria, kanuni, uteuzi na taarifa ambazo sheria inataka zitangazwe humo. Hutolewa kila Ijumaa, na kanuni huchapishwa kama nyongeza, kila moja ikiwa na namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake. Gazeti hili halipatikani kwa muuza magazeti wa mtaani. Huulizwa kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Anayekwenda kulinunua aende na namba ya tangazo na tarehe ya toleo. Bila hivyo mhudumu atalazimika kupekua matoleo ya miezi kadhaa.

Tofauti hii si ya maneno tu. Mtu aliyepoteza hati ya kiwanja na kuomba nyingine, kwa mfano, maombi yake hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze katika muda uliotajwa. Muda huo huhesabiwa kuanzia siku iliyotajwa kwenye tangazo, wala si siku jirani alipokunong'oneza. Vivyo hivyo, kanuni huanza kutumika siku inapotangazwa katika Gazeti la Serikali, isipokuwa iwe imetajwa siku nyingine.

Kwa magazeti ya kila siku, njia ya uhakika ni kuwahi. Mengi huchapwa Dar es Salaam usiku na kusafirishwa kwa barabara kabla ya mapambazuko. Katikati ya Jiji, meza za wauzaji huwa zimejaa alfajiri, hasa maeneo ya Posta, Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi. Katika makao makuu ya mikoa, stendi kuu ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza, kwa kuwa wakala hupokea vifurushi vyake hapo. Wilaya za mbali hupata gazeti la leo mchana au jioni, na penginepo kesho yake. Anayeishi huko na anayetarajia tangazo siku fulani azungumze na wakala mapema amwekee nakala. Wakala huagiza idadi anayojua itauzika, na mteja mmoja wa ziada anaweza kukosa.

Zanzibar ina mpangilio wake. Zanzibar Leo huchapishwa na Shirika la Magazeti ya Serikali Zanzibar, na Serikali ya Mapinduzi ina Gazeti Rasmi lake. Tangazo la shamba la Unguja au Pemba lisitafutwe kwanza katika gazeti la Bara.

Ugumu mkubwa ni gazeti la jana. Nakala zisizouzwa hurudishwa, na nyingine huishia kufungia maandazi na karanga. Hakuna muuzaji atakayekuwekea toleo la mwezi uliopita. Hapo pa kwenda ni ofisi ya mchapishaji, ambako matoleo ya nyuma hutunzwa, au maktaba za Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba Kuu ya Taifa iko Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani zipo maktaba za mkoa. Maktaba haiuzi gazeti, lakini msomaji ataliona tangazo, atanakili tarehe na ukurasa, kisha amwombe mchapishaji toleo hilo kwa uhakika.

Ukishalipata, usikate kipande cha tangazo peke yake. Tunza ukurasa mzima wenye jina la gazeti na tarehe juu yake, pamoja na ukurasa wa mbele. Kipande kisicho na tarehe hakionyeshi muda wa pingamizi ulianza lini, na hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa kwa Msajili wa Hati au mahakamani.