Katumba: Uraia Uliosubiri Watu Wahame

Mwaka 2007 watu wapatao 218,000 waliokuwa wakiishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania, walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Walikuwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi, au walizaliwa hukohuko makazini. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia, na kufikia 2010 waliokubaliwa walipita 162,000. Hata hivyo, vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014 tu. Kilichokwamisha miaka hiyo minne si sifa za waombaji. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini kwa muda wa kutosha, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na aukane uraia wake wa awali. Kwa watu waliokwisha kufyeka pori na kulima mahindi, mihogo na tumbaku kwa zaidi ya miaka 30, kipimo cha ukaazi kilikuwa kimevukwa zamani. Lakini juu ya masharti hayo liliwekwa jingine la kiutawala: raia wapya wahame makazini na kutawanywa katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti.

Wapo wanaolitetea sharti hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema jamii kubwa yenye asili moja ikibaki pamoja makazini itajitenga, na kwamba taifa hili limejengwa kwa kuchanganya watu. Ni kweli, ila uchanganyaji huo ulipitia shule za bweni, jeshi na uhamisho wa watumishi, na wote waliochanganywa walikuwa tayari raia. Hata Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu, mara nyingi kwa nguvu, haikumwambia mtu ahame kwanza ndipo awe Mtanzania. Wengine wanahofia usalama, eti uraia ulitolewa kwa mkupuo. Hofu hii ina uzito mdogo zaidi: mpango uliwahusu waliokuja 1972 na vizazi vyao tu, si wimbi la wakimbizi wa miaka ya 1990, na kila mtu mzima alijaza fomu yake na kuchunguzwa.

Gharama ya kusubiri ilimwangukia mkulima. Aliyekubaliwa bila kupewa cheti hakuwa na cha kuonyesha ofisini, na aliyeambiwa atahamishwa hakuwa na sababu ya kujenga nyumba ya kudumu wala kupanda miti ya matunda. Mwaka 2011 uhamishaji ulisitishwa, na hatimaye Serikali ikawaruhusu raia wapya kubaki walipo. Vyeti vikatoka mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu wa 2015, kwa masharti yaleyale ya sheria ya 1995 ambayo wenyewe walikuwa wameyatimiza tangu mwanzo.