Hadithi ya Pori Lisilo na Mwenyewe: Visasili vya Mpakani na Siasa katika Ukanda wa Tunduma na Songwe

Wako wanaodhani kwamba fasihi na sanaa ni mambo ya starehe, ya kusoma jioni kazi zikiisha, na kwamba siasa ni jambo jingine kabisa, linaloamuliwa katika mikutano na mikataba. Mawazo hayo ni ya hatari kwa kada. Historia ya ukanda ulio baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambamo leo umo mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe, inatuonyesha kwamba vitabu, michoro na sinema vilitangulia mbele ya bunduki, kisha vikabaki nyuma kuitetea kazi iliyofanywa na bunduki. Katika makala haya tunaichambua hadithi moja tu kati ya nyingi, yaani hadithi ya pori lisilo na mwenyewe, na tunauliza: ilitungwa na nani, ilimfaidi nani, na je, imekwisha?

Hadithi yenyewe

Sisi tukisema mpaka, tuna maana ya mstari unaotenganisha nchi mbili au mashamba mawili. Mabeberu walikuwa pia na mpaka wa aina ya pili: mpaka unaotembea. Huo ni mahali popote alipofika mlowezi leo, na kesho atapasogeza mbele. Kwa mujibu wa hadithi yao, mbele ya mpaka huo kuna pori tupu, au kuna watu wanaohesabiwa pamoja na pori. Nyuma yake kuna sheria, kanisa na duka. Shujaa ni mwanamume mwenye bunduki anayelifungua pori, na kwa kulifungua anajipa haki ya kulimiliki.

Marekani ndiko hadithi hii ilikopata umbo lake maarufu kuliko yote. Mwaka 1883 Buffalo Bill alianza kuzungusha maonyesho yake ya farasi na risasi, ambamo unyang'anyi wa ardhi ya wenyeji uligeuzwa kuwa mchezo wa kuchangamsha familia. Mwaka 1893, mjini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliipa hadithi hiyo vazi la elimu: alidai kwamba demokrasia ya Wamarekani imezaliwa katika mpaka huo unaotembea. Alianzia kwenye taarifa ya sensa ya 1890, iliyosema kwamba mpaka huo sasa umekwisha. Desemba ya mwaka huohuo wa 1890, askari wa Marekani waliwaua mamia ya Walakota pale Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwamo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtakwimu aliandika kwamba mpaka umekwisha. Waliokwisha ni watu.

Mstari wa 1890

Mwaka 1890 ni mwaka wetu pia. Tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Katika ukanda wetu mstari ulianzia kwenye mdomo wa Mto Songwe, ukapanda na mto hadi nyuzi 33 za mashariki, ukaendelea kuelekea Mto Kalambo na Ziwa Tanganyika. Waliouchora walikuwa hawajui ni mashamba ya nani yanakatwa. Hata kazi ya kuupima juu ya ardhi ilifanywa baadaye, mwaka 1898.

Lakini je, mabwana hao waliuchora kutokana na nini? Waliuchora kutokana na vitabu. Stanley alikuwa amekwisha wauzia wasomaji wa Ulaya kitabu cha 1878 kilicholiita bara letu bara la giza. Joseph Thomson alipita baina ya maziwa haya mawili, na mwaka 1881 akatoa kitabu cha safari yake. Mwaka 1885 Rider Haggard alitoa riwaya ya machimbo ya Mfalme Suleimani, na kwa riwaya hiyo vijana wa Uingereza wakafundishwa kwamba ndani ya Afrika kuna utajiri unaomngoja mzungu jasiri auchukue. Mfanyabiashara James Stevenson naye alitoa fedha ili barabara ikatwe kutoka Nyasa hadi Tanganyika. Barabara hiyo haikukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini katika ramani ilionekana imekamilika, na jina lake likawa hoja ya kudai nchi.

Desemba 1892 gazeti la Punch la London lilichapisha mchoro wa Cecil Rhodes akiwa jitu kubwa, mguu mmoja Cape na mwingine Cairo, mikononi ameshika waya wa simu. Mchoro ule haukuwa utani mtupu. Ulikuwa ilani ya siasa. Na ukitazama chini ya tumbo la jitu lile, utaona ndipo ulipo ukanda wetu, kwani mkataba wa 1890 uliifikisha ardhi ya Wajerumani hadi mpakani mwa Kongo na kuikata njia ya Rhodes. Mwaka 1899 alilazimika kwenda Berlin kumwomba Kaisari ruhusa ya kupitisha waya wake.

Katika mchoro huo bara halina mtu hata mmoja isipokuwa Rhodes. Je, watu walikuwa wapi? Wanyamwanga walikuwa pande zote za mstari, na wako hivyo hadi leo, Tunduma na Nakonde. Walambya waligawanywa baina ya nchi zilizokuja kuwa Tanzania, Malawi na Zambia. Wanyiha na Wandali walikuwa wakilima, wakifua chuma na kufanya biashara. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika masimulizi ya maisha ya wanawake wa ukanda huu waliopitia utumwa, akiwamo Bibi Narwimba na Chisi. Katika masimulizi hayo hakuna pori tupu wala shujaa wa peke yake. Lipo swali la mnyonge: nani atanipokea, nani atanilinda na watoto wangu? Hiyo nayo ni fasihi ya mpakani, lakini haikutengenezewa maonyesho wala michoro ya magazetini.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa jiwe. Kimondo cha Mbozi kilijulikana kwa wenyeji vizazi na vizazi. Alipokifikia mpima ardhi W. H. Nott mwaka 1930, vitabu viliandika kwamba kimegunduliwa. Anayekubali neno hilo kwa jiwe atalikubali kwa mto, na akilikubali kwa mto atalikubali kwa nchi nzima.

Kutoka riwaya hadi madai ya ardhi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, na walowezi waliona nafasi ya kuunganisha ndoto ya Rhodes. Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliita mkutano Tukuyu, mwendo mfupi kutoka Songwe, wa walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Shabaha ilikuwa moja: dola la walowezi kutoka milima ya Kenya hadi Rhodesia. Mkutano wa namna hiyo ulifanyika tena Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927.

Wajerumani nao walikuwa wamekwisha ruhusiwa kurudi tangu 1925, na baadhi yao wakafungua mashamba ya kahawa katika Nyanda za Juu Kusini, Mbozi ikiwamo. Mwaka 1926 Hans Grimm alitoa riwaya kubwa juu ya Mjerumani anayetafuta ardhi kusini mwa Afrika. Jina la riwaya hiyo lilisema kwamba Wajerumani ni taifa lisilo na nafasi. Wanazi walilichukua jina hilo wakalifanya kaulimbiu, na nafasi hiyo wakaitafuta kwa vifaru katika Ulaya ya Mashariki. Hapa tunaona wazi mwendo wa jambo lenyewe: riwaya inasema sisi tumebanwa, ramani inasema kule ni kutupu, jeshi linamaliza sentensi.

Kijana wa Ukanda wa Shaba

Tusidhani kwamba hadithi hii iliwalewesha wazungu peke yao. Vijana wengi kutoka Mbozi, Ileje na Rungwe walivuka mpaka kwenda kuuza nguvu zao katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko, katika miaka ya 1940 na 1950, burudani kubwa ya makambi ya wachimbaji ilikuwa sinema za kauboi. Watazamaji walimshangilia kauboi, wakaiga kofia yake na mwendo wake.

Baadhi ya wasomi huona hapo ujinga mtupu. Uchambuzi huo ni mwepesi. Mtu anayeamrishwa na msimamizi mchana kutwa alimwona katika kauboi mtu asiyeamrishwa na mtu. Hamu yake ilikuwa hamu ya uhuru. Ila hadithi aliyopewa ilimketisha upande wa mporaji na kumficha ndugu yake halisi, yaani yule mwenyeji aliyekuwa akianguka kutoka juu ya farasi. Sanaa ya kibeberu ina nguvu kwa sababu inakopa hamu ya kweli ya mnyonge na kuilipa kwa sarafu ya bandia.

Reli na hadithi nyingine

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa huru tangu Oktoba 1964, ikabanwa, kwani njia zake za kusini zilikuwa mikononi mwa wabaguzi. Mapipa ya mafuta yalianza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ya vumbi na matope ambayo waandishi wa nje waliipachika jina la mbio za jehanamu. Madereva wengi walipoteza maisha. Tazama tena kisasili kikifanya kazi: habari za ulimwengu zilikuwa jehanamu na ujasiri wa mtu mmoja mmoja, wala si mshikamano wa nchi mbili maskini zilizokataa kupigishwa magoti.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa 1968. Reli, ambayo Benki ya Dunia ilikuwa imesema mwaka 1964 kwamba haina faida, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Kazi ilianza 1970, reli ikafika Tunduma mwaka 1973, na njia nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Rhodes aliota reli ya kuwabana watu wa ukanda huu. Reli iliyokuja ilikuwa ya kuwafungulia njia.

Hata hivyo tuwe macho. Mara nyingi TAZARA yenyewe husimuliwa kana kwamba ilipita katika pori lisilo na watu. Njiani palikuwa na vijiji na mashamba, na wajenzi walikuwa makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia pamoja na Wachina. Tukiwafuta wenyeji ili shujaa aonekane mkubwa, tumebadilisha shujaa tu, hadithi ni ileile.

Wajibu wetu

Julai 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika zilikubali hoja ya Mwalimu Nyerere ya kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Huo ulikuwa uamuzi wa busara wa kuepusha vita. Lakini kuukubali mstari si kuikubali hadithi iliyokuja nao.

Hadithi hiyo leo ina sura mpya. Katika mazungumzo na hata katika taarifa, Tunduma husemwa kuwa ni mji wa magendo, wa watu wasio wa huku wala kule. Magendo yapo, na sheria lazima ifanye kazi yake. Lakini magendo yana chanzo katika uchumi: tofauti ya bei, kodi na sarafu baina ya pande mbili za soko moja. Hayatokani na damu ya watu wa mpakani. Mwanamke wa Kinyamwanga anayevuka na debe la mahindi kwenda kwa shangazi yake Nakonde hamvamii mtu. Mstari ndio uliomkuta. Kampeni ya 1983 dhidi ya walanguzi inatufundisha jinsi ilivyo rahisi kumchanganya mlanguzi mkubwa na mchuuzi mdogo pale hadithi inapotangulia uchunguzi. Sheria yake ilibidi ifutwe na kutungwa nyingine mwaka 1984. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha. Jengo hilo linapunguza foleni ya malori, lakini halitaondoa dharau kichwani mwa ofisa.

Kwa hiyo kazi zetu ni tatu. Kwanza, kila darasa la historia katika ukanda huu lianze na wenyeji kabla ya wapelelezi. Pili, masimulizi ya wazee wa Momba, Ileje na Mbozi, ya madereva wa zamani na ya wajenzi wa reli, yaandikwe wangali hai. Tatu, kada anayepelekwa mpakani asiende kama mtu aendaye kulifungua pori. Aende kama mgeni anayefika kwa wenyewe, abishe hodi, akae, asikilize, ndipo afungue daftari lake.

Wananchi wa mpakani wamekwisha andikwa sana na wengine. Sasa waandike.