Kelele za mji na sikio la mtoto: historia ya kifaa cha kusikia

KOLWEZI, Lualaba. Malori ya shaba na kobalti hayalali. Jenereta zinanguruma mbele ya maduka, muziki unatoka kila nganda, na tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Mwenye masikio mazima huzoea. Lakini mtoto anayesikia nusu, au anayesikia kwa kifaa kilichopandikizwa ndani ya sikio, hazoei. Historia ya kifaa hicho inaonyesha sababu.

Ilianza Paris, tarehe 25 Februari 1957. Daktari Charles Eyriès na mwenzake André Djourno walimwekea mwanaume kiziwi waya wa kupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Mtu yule alisikia sauti na kutambua mapigo yake, lakini maneno hakuyaelewa. Mwaka 1961, William House alijaribu pia huko Los Angeles.

Hatua kubwa ilikuja Melbourne, Australia, tarehe 1 Agosti 1978. Daktari Graeme Clark, mtoto wa mwuza dawa aliyepata shida kuwasikia wateja wake, alipandikiza kifaa chenye elektrodi nyingi. Kwa njia hiyo viziwi wengi waliweza kufuata maneno. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kifaa hicho kwa watoto kuanzia miaka miwili. Karibu na kwetu, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo mwaka 2017. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa inapeleka watoto India.

Lakini kelele haikushindwa. Sikio zima lina seli kama 3,500 zinazopeleka habari za sauti kwenye neva. Kifaa kina elektrodi 12 hadi 22 hivi, na umeme wa moja unamwagikia jirani yake. Ndani ya nyumba tulivu, hizo zinatosha kuelewa maneno. Sokoni, sauti ya mama, ya jirani na ya lori zinachanganyika kama rangi zilizomwagwa ndoo moja. Kifaa hakipeleki vizuri zile tofauti ndogo za sauti nene na nyembamba zinazotusaidia kumfuata msemaji mmoja kati ya wengi.

Mtu mzima akikosa neno, hulijaza kwa kukisia, maana lugha anaijua. Mtoto bado anaitafuta lugha yenyewe. Na kwa mtoto wa familia iliyohama kutoka Kasai, anayesema Tshiluba nyumbani, Kiswahili mtaani na Kifaransa kwenye masomo, mzigo ni mara tatu.

Ndiyo maana mtoto huyo huitwa mkaidi. Jioni anajibu vizuri, asubuhi darasani hajibu, halafu anapigwa. Huo si ukaidi.

Dawa nyingine hazihitaji pesa. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, na aseme akimtazama, si akiwa ameelekea ubao. Mahali pa wazi, ukitoka mita nne ukasogea mita mbili, sauti yako inamfikia na desibeli 6 zaidi. Nyumbani, zimeni redio kwanza, hata kama ni wakati wa habari, kisha aseme mmoja mmoja. Penye uwezo, mikrofoni ndogo ya mwalimu inayotuma sauti kwenye kifaa husaidia sana.

Kuna njia nyingine ambayo kelele haiigusi: lugha ya alama. Mwaka uleule wa 1957, Andrew Foster, Mmarekani mweusi na yeye mwenyewe kiziwi, alifungua shule ya viziwi Accra, Ghana. Hadi alipofariki mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 Afrika, na nchi yetu, wakati ule Zaire, ilikuwa kati ya nchi alizozifikia. Alama na kifaa havigombani. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

Wazazi wakumbuke jambo moja. Mtoto akipona homa ya uti wa mgongo, masikio yapimwe haraka. Ugonjwa huo unaweza kugeuza ndani ya sikio kuwa mfupa, na kila mwezi unaopita unafanya upandikizaji kuwa mgumu zaidi.