Mugithi: Mtindo unaofufua nyimbo kongwe za Mlima Kenya

MUGITHI ni mtindo wa muziki ambapo mwimbaji mmoja, akiwa na gitaa na mashine ya midundo au kinanda cha umeme, hutumbuiza kwa kurudia nyimbo za watunzi wengine. Ulivuma miaka ya 1990 katika mabaa ya Nairobi na eneo la Kati, na umekuwa burudani ya wikendi Nyeri, Karatina, Nanyuki na Murang'a.

Kwa lugha ya Gikuyu, mugithi ni garimoshi. Wachezaji hujipanga foleni, kila mmoja akamshika aliye mbele yake, wakauzunguka ukumbi mithili ya mabehewa. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki hupitia Murang'a, Sagana na Karatina.

Awali, wimbo wa benga ulihitaji bendi nzima: wapiga magitaa, mpiga besi, mpiga ngoma na waitikiaji. Katika mugithi, midundo hutayarishwa mapema ndani ya mashine. Gharama hupungua, na mwimbaji huweza kuunganisha nyimbo bila kutua, ule wa Joseph Kamaru ukafuatwa na wa Daniel Kamau (DK), kisha wa Mmarekani Jim Reeves. Mara nyingine maneno hubadilishwa, hata ya nyimbo za kanisa, yakawa mzaha. Waliotambulika kwa mtindo huu ni pamoja na Mike Rua, Mike Murimi na marehemu Salim Junior.

Hata hivyo, wimbo unaporudiwa hivyo, jina la mtunzi husahaulika upesi. Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, alitunga kwa lengo la kuonya. Wimbo wake 'Ndari ya Mwarimu', uliokemea walimu waliowatongoza wanafunzi, uliwaghadhabisha walimu nchini. Kijana anayeucheza leo huenda asijue aliyeutunga wala aliyekemewa.

Suala la malipo nalo ni zito. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kinga ya rekodi hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka alipofariki mtunzi. Hivyo, tungo za Kamaru zinalindwa hadi mwisho wa 2068, hata pale kinga ya rekodi zake za kwanza imekwisha. Anayetaka kurekodi upya wimbo au kuugeuza anahitaji idhini ya wenye haki.

Mjukuu wa Kamaru, aitwaye pia Joseph Kamaru na afahamikaye kama KMRU, ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki. Yeye amefuata njia tofauti na ya mabaa: amezitoa upya kwenye intaneti rekodi asilia za babu yake, zikiwa na jina la mtunzi.