William Beaumont: Daktari aliyechungulia tumbo la mtu hai

KWA karne nyingi wataalamu walibishana kuhusu jinsi chakula kinavyosagika tumboni. Baadhi walishikilia kuwa tumbo hukitwanga mithili ya kinu, wengine kuwa huoza humo. Aliyesaidia pakubwa kukata mzizi wa fitina ni William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani aliyejifunza kazi yake kwa uanagenzi, bila kuhitimu chuo kikuu.

Beaumont alizaliwa mwaka wa 1785 mjini Lebanon, jimbo la Connecticut. Mnamo Juni 6, 1822, akihudumu katika kisiwa cha Mackinac, aliitwa kumtibu Alexis St. Martin, kibarua Mkanada katika biashara ya ngozi za wanyama, aliyepigwa risasi kwa ajali. Wengi hawakutarajia angepona. Alipona, lakini jeraha liliacha tundu lililofika hadi tumboni na halikuziba kamwe.

Kuanzia mwaka wa 1825, Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabeji kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni na kuvitoa baada ya saa kadhaa ili avikague. Pia alichota maji ya tumbo na kuyatia chupani pamoja na nyama, katika joto sawa na la mwili. Nyama iliyeyuka hata nje ya tumbo. Hivyo alithibitisha kuwa usagaji wa chakula ni kazi ya kemikali, na wanakemia waliopima maji hayo walipata asidi ya haidrokloriki. Aligundua vilevile kuwa hasira huvuruga usagaji.

Matokeo ya majaribio zaidi ya 200 yalichapishwa kitabuni mwaka wa 1833.

Hata hivyo, sifa hizo zilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni St. Martin. Alikuwa maskini, na kwa mkataba wa mwaka wa 1832 aliahidiwa chakula, malazi, mavazi na dola 150 kwa mwaka. Majaribio yalimuumiza na kumchosha. Mwaka wa 1834 alirejea Canada, na ijapokuwa Beaumont alimsihi kwa barua hadi alipofariki mwaka wa 1853, hakurudi tena.

St. Martin alifariki mwaka wa 1880. Jamaa zake waliuacha mwili uoze kwanza, kisha wakauzika katika kaburi lenye kina kirefu, ili madaktari wasiupasue.