Mdundo wa Mburahati: Sisso na Mafundi wa Singeli

Mabawe ni kata ya Wilaya ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, na watu wa huku hawahitaji kufundishwa thamani ya ngoma. Ng'ambo ya mpaka, ngoma za kifalme za Warundi zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2014. Upande wetu nako, sherehe bila ngoma huonekana imepwaya. Lakini usiku ukikua na wazee wakiaga, vijana huunganisha simu na spika, ikalia singeli, muziki uliozaliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Waimbaji wanawajua kwa majina. Ukiwauliza ni nani aliyeutengeneza mdundo wenyewe, wanatazamana.

Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni sehemu ya historia ya nchi hii. Mmoja wa waliotangulia ni Sisso, prodyuza na DJ wa Mburahati, Dar es Salaam, ambaye studio yake ilikuwa karakana ya kizazi kizima cha singeli.

Wazazi wawili

Singeli haikuzuka tu. Mzazi wake wa kwanza ni mchiriku, muziki wa uswahilini ulioshamiri miaka ya 1990. Vijana walichukua ngoma zenye asili ya Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile kilichotengenezwa kama kitu cha kuchezea watoto, na sauti yake wakaipitisha kwenye vikuza sauti chakavu hadi ikwaruze. Mkwaruzo ule haukuwa kasoro, bali ndio waliokuwa wakiutafuta. Kundi la Jagwa Music lilidumu katika kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2012 albamu yake ya Bongo Hotheads ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji.

Mzazi wa pili ni taarabu ya kisasa. Katika vigodoro, sherehe za mtaani zinazokesha hadi alfajiri huko Manzese, Tandale na Mburahati, DJ alipiga taarabu kwa sababu ndiyo waliyoitaka wenye shughuli. Ila vijana waliokuwa wakicheza walingojea pale mwimbaji anaponyamaza na vyombo vinabaki peke yake. DJ akaielewa kiu yao. Akawa anakikata kipande kile, anakirudia, anakiongezea kasi, na MC naye anashika kipaza sauti na kuanza kuchana juu yake. Hapo mpiga santuri akawa mtunzi.

Kazi yenyewe ilivyo

Tuikaribie kazi hii tuone ugumu wake. Chukua sekunde chache za kinanda cha taarabu zinazokwenda kwa mapigo 100 kwa dakika, uziendeshe kwa mapigo 200. Usipoizuia kompyuta, sauti nayo hupanda na kuwa nyembamba kama ya mtoto, sawa na kaseti iliyozungushwa haraka. Kipande hicho kikirudiwa bila kukatika, sikio halisikii tena wimbo wa zamani, linasikia ala mpya. Chini yake prodyuza hupanga ngoma kwa programu kama FL Studio, nzito ya kukanyagia na nyepesi za kukimbiza, kisha hunyunyiza ving'ora, filimbi na vionjo vya kinanda.

Singeli huenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240, ngoma inagonga mara nne kila sekunde. Kosa dogo katika mpangilio huigeuza kuwa kelele. Mpangilio ukikaa sawa, mwili hujikuta unafuata pigo moja kati ya mawili, mabega yanatulia huku miguu ikikimbia. Anayedhani huku ni kubonyeza tu kompyuta ajaribu kutengeneza dakika tatu zinazoweza kuchezeka.

Kutoka chumba kidogo

Sisso aliifanya kazi hiyo Mburahati, katika studio ndogo ambayo vijana waliingia na kutoka kama nyumbani kwao. Humo walipita maprodyuza Bamba Pana na Jay Mitta, na MC Makaveli. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio hiyo na kuzitoa kwa jina la Sounds of Sisso. Kwa wasikilizaji wengi wa nje ya Tanzania, mkusanyiko huo ndio uliowafungulia mlango wa singeli.

Baada ya hapo kazi zilifuatana: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Mateso ya Sisso mwenyewe. Mwaka 2024 Sisso na mpiga kinanda Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu. Wala Mburahati haikuwa peke yake. Duke na studio yake ya Pamoja Records walijenga mtindo wao, uliosikika katika Sounds of Pamoja mwaka 2021, na mwaka uliofuata kijana DJ Travella akatoa Mr Mixondo. Vijana waliozoea kupiga kwenye vigodoro wakawa wanaalikwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya.

Nyumbani singeli ilipanda kwa njia nyingine. Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba waliifikisha kwa watu wengi, redio ya EFM ikaipa nafasi hewani, na Professor Jay, gwiji wa Bongo Fleva, alimshirikisha Sholo Mwamba katika Kazi Kazi. Muziki uliodharauliwa kuwa wa wahuni ukaingia kwenye majukwaa ya kampeni na viwanja vya mpira. Lakini kadiri mwimbaji alivyozidi kung'aa, ndivyo fundi wa mdundo alivyozidi kufifia.

Ndugu wa mbali

Wazungu walipoisikia singeli walikimbilia kuilinganisha na tekno. Ulinganisho huo una mantiki, ili mradi tusisahau nani ni nani. Tekno nayo ilianzishwa na vijana weusi, katika mji wa viwanda vya magari wa Detroit, Marekani. Juan Atkins alianza mapema miaka ya 1980 na kundi la Cybotron, na mwaka 1985 akaanzisha lebo yake ya Metroplex. Pamoja na Derrick May na Kevin Saunderson, wenzake wa shule huko Belleville, aliigeuza mitambo ya bei nafuu kuwa ala za muziki mpya. Mkusanyiko uliotolewa Uingereza mwaka 1988 ndio uliolieneza jina la tekno duniani.

Sisso hakuirithi Detroit. Yeye alirithi Casio ya mchiriku na kinanda cha taarabu. Kinachowaunganisha ni kwamba kote kuwili vijana wa mtaa uliopuuzwa walishika mashine ambazo hawakutengenezewa wao, wakazifundisha kusema lugha yao. Tofauti ni moja: majina ya mafundi wa Detroit yameandikwa vitabuni.

Tuyaandike na yetu

Mdundo wa singeli huishi ndani ya kompyuta. Diski ikiharibika au simu ikiibwa, kazi ya miaka inapotea siku moja, na nyimbo nyingi husambazwa kwa memori kadi bila jina la aliyezitengeneza. Ngoma ya ngozi ikipasuka huwambwa upya, ila faili lililofutika halina mwambaji.

Kwa hiyo vituo vya redio viwataje maprodyuza kama vinavyowataja waimbaji. Vyuo vyetu vya sanaa na makumbusho vikusanye faili hizi mapema, pamoja na sauti za wenyewe wakieleza walivyozitengeneza. Nawe kijana wa Mabawe unayerekodi ngoma ya babu yako kwa simu, andika jina la mpigaji, kijiji na tarehe. Sisso na wenzake walianza na sauti walizozikuta mtaani kwao. Atakayeanza Ngara atazihitaji za huku, na atahitaji kujua ni za nani.